Neno la Mtani

Katika mji ule siku hazikuwa na zamu. Jumamosi iliweza kuingia asubuhi, ikakaa kidogo, ikaona haya, ikatoka. Mchana ikaja Jumanne ya mwaka uliopita, na watu wakavaa nguo za Jumanne wakaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyelalamika. Mtu akizaliwa katika nyumba inayovuja, mvua haimshangazi. Kitu kimoja tu hakikuhama mahali pake, nacho ni Mnara. Ulionekana kutoka kila dirisha, dirisha lielekee macheo au machweo, nao ulikuwa ukivuta pumzi na kuishusha, kuvuta na kuishusha, kwa sauti ya mtu aliyelala fofofo. Humo walipelekwa wagonjwa ambao jamaa zao hawakukubali waondoke. Hakuna aliyefia mle. Tangu Mnara usimame, mlangoni pake halijatoka jeneza hata moja, na wenyeji waliusifu kwa jambo hilo kama wanavyomsifu mkwe ambaye hajawahi kuonekana akitafuna.

Siku hiyo Kalunde alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake, Bi Nyamizi, si Mnarani bali katika Nyumba ya Shufaa. Shufaa ilikuwa nyumba ya chini, ya matofali, yenye baraza refu, na waliolazwa humo ni wale ambao dawa zimewaaga. Pale hawakumponya mtu. Walimpunguzia maumivu, wakamgeuza ubavu, wakamlowesha midomo kwa pamba, wakamwuliza anataka nini, na akishajibu wakafanya hivyo hivyo alivyojibu. Ndiyo kazi yao yote. Ukiitazama upesi utasema ni kazi ndogo, mpaka siku utakapohitaji kugeuzwa ubavu.

Tatizo ni kwamba Bi Nyamizi alikuwa amekata kauli. Maneno yalimwisha, macho yakabaki. Na umri wake, kwa kuwa haukuwa tena na ulimi wa kuushika, ulianza kutangatanga. Kuna nyakati Kalunde aligeuka kuchukua kitambaa, akirudi anakuta kitandani msichana mdogo mwenye magoti ya vumbi, anamtazama bila kumjua. Akipepesa jicho, amelala mwanamke mja mzito, mkono juu ya tumbo, na Kalunde akang'amua kwamba aliyemo tumboni ni yeye, akaona aibu kutazama. Na mara moja, mbaya kuliko zote, alijikuta yeye ndiye aliyelala, mifupa inamwuma, na mama yake yuko kitini anampepea kwa ncha ya khanga. "Tulia, mwanangu," mama alisema. "Tulia." Kalunde alitaka kumwambia kwamba wamebadilishana mahali, warudishane. Hakuwa na kauli.

Aliporudi kuwa yeye, mhudumu wa nyumba ile, Sista Blandina, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya vuguvugu.

"Dada Kalunde, kaka yako ametuma watu kusema anakuja, na ana habari ya Mnara," alisema. "Sisi hapa hatumzuii mtu wala hatumfukuzi. Tunafuata neno la mgonjwa mwenyewe. Je, mama aliwahi kusema anataka iweje, siku mambo yakifika hapa?"

"Alisema."

"Alimwambia nani?"

Kalunde alikunja na kukunjua kitambaa. "Alimwambia mtani wake."

Sista Blandina aliweka bakuli chini. "Basi hakusema," alijibu. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alikuwa akisema sheria ya mji, naye mwenyewe haikumfurahisha.

Inafaa mgeni aelezwe. Watu wa Kilimani, ukoo wa Bi Nyamizi, walikuwa na watani wao, watu wa Pwani ya Mto. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako, kuchota nyama katika sahani yako, kukuvua kofia. Ukifa, yeye ndiye anayejifunga shuka lako na kutembea kwa mwendo wako mbele ya wafiwa mpaka wacheke huku kamasi zinawatoka. Na kwa kuwa ana ruhusa hiyo yote, amenyimwa moja: neno linalosemwa kwake, au na yeye, halishikwi. Huwezi kumshtaki kwalo, huwezi kudai kwalo, huwezi kuapa kwalo. Likisemwa limemwagika. Wazee waliotunga sheria hiyo hawakuwa wajinga. Walitaka pawepo mahali pamoja duniani ambapo mtu anaweza kusema lolote na kesho asiulizwe.

Lakini tazama sasa ujinga unavyopenyea katika hekima. Katika mji ule kumtajia mwanao kifo chako ni uchuro, ni kukiita kwa jina nacho kikaitika. Mama hamwambii binti, baba hamwambii mwana, mume na mke wanalala mgongo kwa mgongo na kila mmoja anajua. Hivyo lile jambo lililo zito kuliko yote, lisipopata mlango nyumbani, hutafuta mlango pasipo na uchuro, na mlango huo ni mmoja tu. Watu wote wa mji ule walimwambia mtani wao namna wanavyotaka kufa. Wote. Na hakuna aliyesikika.

Bi Nyamizi alilisema lake hadharani, kwenye karamu ya kumtoa mjukuu nje. Mtani wake, Mzee Mwinyimvua, fundi wa kushona makoti, alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa jamvi: "We mchawi wa Kilimani! Siku ukifa tukutupe wapi, maana ardhi yetu ni safi!"

Naye Bi Nyamizi akajibu, sauti imenyooka: "Popote, ila Mnarani usinipeleke, nikafugwe kama kuku wa kisasa. Nilazeni Shufaa, dirisha wazi. Maumivu yakizidi nipewe dawa, pumzi ikitaka kwenda msiifukuzie. Na wewe uje unitanie mpaka mwisho, nisilale na watu walionuna."

Jamvi zima lilicheka. Kalunde alicheka mpaka chai ikampalia, mtu akampiga mgongoni.

Nilisikia, alijiambia sasa, akimfuta mama yake kidevu. Nilisikia nikacheka. Tulikuwa watu wengi, masikio mengi. Neno ni la nani? La mdomo? Mdomo umefungwa. La sikio? Sikio lilikuwa kwenye karamu. Mama, ulilitupa neno lako katikati ya watu wote unaowapenda, tukalipigia makofi likapita. Ungelisema jikoni. Ungelisema tunapochambua mchele. Ningekujibu nini? Ningekujibu, mama, nyamaza. Ndiyo. Ningekunyamazisha. Basi hapakuwa na mahali. Hapakuwa na mahali popote.

Shigela, kaka yake, alifika na wazee wawili wa ukoo, na kikao kikakaa barazani. Alikuwa mtu wa mabega mapana na huruma ya kelele. Alipoingia kumwona mama yake, alimkuta katika umri wa msichana wa magoti ya vumbi, akatoka mbio, akaenda kujisafisha uso bombani.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema aliporudi. "Watu wakiniuliza, Shigela, mama yako alipozidiwa ulimpeleka wapi, niwajibu nini? Kwamba nilimlaza kwenye nyumba isiyo na hata mashine moja, nikakaa kumsubiri afe? Mimi?"

"Hatumsubiri afe, kaka. Tunakaa naye."

"Kukaa naye ndiyo tiba? Kalunde, mdogo wangu, Mnara ule pale, unapumua. Mtu ana kiu, na mto anauona, asinywe?"

"Mama alisema hataki."

"Alisema lini? Kwenye utani!" Shigela alishika kichwa. "Hata mimi nilikuwepo. Nilicheka kuliko wote. Unataka nimwue mama yangu kwa mzaha?"

Swali lilikuwa la haki. Na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa na kaka mwovu angempinga mpaka koo likauke, lakini huyu alikuwa anampenda mama yao, na upendo wake ulikuwa na magurudumu, na umekwisha kuanza kuteremka mlima.

Mzee Mwinyimvua akaingia kwa kishindo chake, tepu ya kupimia shingoni. "Hivi bado tu hajafa huyu?" alisema kwa sauti ya juu. "Nimeshaazima turubai! Nimeshafunga na tumbo kwa ajili ya pilau!"

Wazee walicheka. Sista Blandina, aliyekuwa akipita na shuka, alificha meno. Hata Shigela bega lilimtikisika. Ndani, kitandani, Bi Nyamizi alifumbua macho.

Kisha Mwinyimvua akavua kofia. "Jamani, leo sitanii."

Walicheka zaidi. Mzee mmoja alijipiga paja.

"Nasema kweli. Sitanii."

"Huyu atatuua sisi kabla ya mgonjwa," alisema mzee yule, akifuta machozi ya kicheko. Na Kalunde, Mungu ashuhudie, Kalunde aliyekuwa akimwamini, aliyetamani kila mtu pale amwamini, alisikia kicheko kikimpanda kutoka tumboni, kikamtoka. Mwili wake ulikuwa umefunzwa hivyo tangu utotoni. Aliziba mdomo kwa viganja viwili na bado kikapita kati ya vidole.

Mwinyimvua alingoja mpaka wakachoka. "Nisikilizeni," alisema. "Katika utani neno la mwisho ni tusi. Ndiyo mlango wa kutokea. Mkiachana bila tusi hamkuwa mnataniana, mlikuwa mnaongea. Kila mtani anajua. Miaka yote hiyo Nyamizi hajapata kuniacha bila tusi. Siku ile ya karamu alipomaliza kusema, nilimngoja. Nilikaa tayari na langu la kumrudishia. Hakutukana. Aliomba maji ya kunawa." Sauti yake ilikwaruza. "Nikajua. Nikapiga kelele nyingine ili watu wasijue, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Alikuwa akiwaambia ninyi, wanawe, kwa kupitia mgongo wangu. Msimpeleke."

Na akalia. Hakulia kwa mbwembwe, alilia vibaya, mdomo wazi, kamba ya mate ikining'inia. Hakuna aliyewahi kuona kitu hicho, kwa maana mtani hamlilii mtani wake, hata kaburini, hata kaburini hasa.

Kwa pumzi chache Kalunde aliamini kwamba mambo yamegeuka. Alimwona Shigela ameinamisha uso. Aliona neno la mama yake limesimama katikati ya baraza, kwa miguu yake, na watu wanalitazama.

"Mwinyimvua," alisema mzee mkubwa polepole, "umelia."

"Nimelia."

"Basi umeuvunja utani. Wewe si mtani wetu tena."

"Kama hiyo ndiyo njia ya kusikika, na uvunjike."

"Nawe kama si mtani wetu," mzee aliendelea, na kwa kweli alisikitika, "basi ni mgeni. Na mgeni hatoi neno juu ya mama wa watu."

Ndivyo sheria ilivyofunga mlango wa pili. Akiwa mtani, neno lake ni mchezo. Akiacha kuwa mtani, hana neno. Mwinyimvua alivaa kofia, akaivua tena. Mikono yake, iliyozoea kuchokoza watu, haikujua ikae wapi, mwishowe akaifumbata nyuma kama mwanafunzi.

Ikabaki kufunga kikao. Kwa desturi yao mkubwa hutamka, na mdogo kuliko wote huitikia, na bila kiitikio cha mdogo hakuna lililoamuliwa. Shigela alisema, "Nasema Mama aende Mnarani." Wote wakamgeukia Kalunde.

Sema hapana. Neno dogo. Sema, na mama atabaki kwenye dirisha lake. Na akikata roho kesho? Watasema hapana yangu ndiyo iliyomwua. Shigela hatasema kwa mdomo, lakini kila Idi, kila harusi, atanitazama hivi, kidogo tu. Na mimi mwenyewe? Je, najua? Kwani najua? Labda alisahau kutukana. Watu husahau. Labda mkono ulikuwa na mafuta kweli. Mama, nipe ishara. Geuza jicho. Mama.

Ndani ya chumba kulikuwa kimya.

"Na iwe," Kalunde aliitikia. Sauti yake ilitoka safi, bila hata kutetemeka, na alijichukia kwa usafi ule.

Watu wa Mnara walikuja wakiwa na nyuso za upole zinazofanana. Walimwinua Bi Nyamizi, na wakati huo alikuwa mja mzito, naye Kalunde akausikia mwinuko ule tumboni mwake mwenyewe. Getini Mwinyimvua alisogea kando kuwapisha, kama anavyosogea mpita njia.

Ndani ya Mnara siku zilikuwa na zamu, ila zote zilikuwa siku moja. Vitanda vilipangwa kwa safu zisizo na mwisho, na chini ya ardhi kulikuwa na pafu moja kubwa lililogawa pumzi kwa kila mtu kwa bomba, hivyo vifua vyote vilipanda pamoja na kushuka pamoja. Palikuwa na vikongwe walioletwa na watoto wao, na watoto hao nao wamezeeka wakilinda, wakalazwa kitanda cha pili, na wajukuu sasa wanawalinda wote wawili. Dawa ya maumivu hawakumpa Bi Nyamizi, kwa kuwa inapunguza pumzi, na pumzi ndiyo fahari ya nyumba ile. Mtu yeyote aliyekunja uso kwa maumivu walimwandalia mto mpya.

Kilichomtisha Kalunde zaidi ni kwamba umri wa mama yake uliacha kutangatanga. Msichana wa magoti ya vumbi hakuja tena. Mja mzito hakuja tena. Alibaki kikongwe yule yule wa saa ile waliyomleta, amekazwa mahali pamoja, na alipomtazama Kalunde, macho yake hayakuuliza kitu wala hayakulaumu. Angemlaumu ingekuwa afadhali.

Shigela alikuja mara kwa mara. Alisimama miguuni pa kitanda, akamwangalia mama yao, akasema, "Yupo." Kisha akaenda zake. Siku moja Kalunde alimkuta kwenye ujia, ameegemeza paji la uso ukutani.

"Huwa najiambia yupo," alisema bila kugeuka. "Akiwapo yeye, mimi bado ni mtoto wa mtu. Akiondoka, mbele yangu hakuna mtu tena, Kalunde. Nitakuwa mimi mbele ya foleni."

"Anaumia, kaka."

"Najua."

"Basi mwambie mkubwa wa Mnara."

"Nilimwambia. Amesema kilichoitikiwa hakirudi." Akalia kwa sauti yake kubwa, na Kalunde akamshika bega, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Akarudi kitandani. Alikaa muda mrefu akivitazama vifua vikipanda na kushuka kwa pamoja, na ndani yake kukawa kutupu kabisa. Hakuwa na mpango. Alichofanya hakikutoka kwenye ujasiri, ujasiri ulikwisha barazani. Aliinama tu mpaka midomo yake ikagusa sikio la mama yake. Binti hamtanii mama. Ni kukosa radhi, ni kujitafutia laana ya kufa nayo. Alijua hivyo, akasema:

"We kikongwe. Najua kwa nini huendi. Unamwogopa mama mkwe wako. Alitangulia, na mpaka leo anakungoja mlangoni na mwiko, kwa ule ugali wako mbichi."

Hakuna kilichotokea. Kisha kona ya jicho la Bi Nyamizi ikajikunja.

"Na usidhani atakusamehe. Amewaita na mawifi zako. Wamekaa kwenye mkeka wanakusengenya, wanasema, sura ile, atachelewa tu, njiani atasimama kuomba kioo."

Tumbo la Bi Nyamizi likatikisika chini ya shuka. Likatikisika tena. Kifua chake kikakosea hatua; wengine wote walipanda yeye akashuka, wakashuka yeye akapanda, na kutoka kando ya bomba kikatoka kicheko, kibovu, cha makohozi, lakini chake mwenyewe, ambacho hakuna pafu lililomgawia. Na kwa kitambo hicho kitandani alikuwa msichana, na mja mzito, na mama mwenye khanga, wote wakicheka kwa mdomo mmoja. Mashine ikapiga ukelele. Wahudumu walikuja mbio na nyuso zao za upole.

"Nani amemfanya hivi? Hapa mtu hacheki, anapoteza pumzi!" Mmoja alimshika Kalunde mkono. "Wewe ni nani wake? Kama ni mwanawe, kaa kitini, unyamaze, utaruhusiwa kubaki naye daima. Mtu baki hatakiwi humu."

Daima. Kalunde alimtazama mama yake, aliyekuwa bado anacheka, machozi yakimwingia masikioni.

"Mimi ni mtani wake," alisema.

Wakamtoa, wakafunga mlango, wakaweka komeo. Aliweka kiganja ubaoni. Aliusikia ukelele wa mashine, na chini yake kicheko, kikikimbia mbele, kikipungua, kikielekea mahali. Nenda, alinong'ona. Nenda, mshenzi wee, usigeuke nyuma, nenda. Miguu ilikuwa ikikimbia huku na huko ndani, mtu akaamuru jambo, kitu kizito kikavutwa sakafuni. Kisha kicheko kikakatika. Mashine ikarudia mdundo wake ule ule wa vitanda vyote, na Kalunde akajua kwamba wamemrudisha.